Mwalimu wa Mpira na Goti la Sefu

Mji mzima ulimwita Mwalimu wa Mpira, na jina hilo lilimkera sana mwalimu wa chuo cha Kurani aliyekuwa jirani yake pale Chumbageni. Yule wa chuo alisema neno "mwalimu" lina heshima yake, halifai kupewa mtu anayefundisha wanaume wenye ndevu kukimbilia ngozi ya ng'ombe iliyotiwa pumzi. Wetu alimjibu mara moja tu, miguu yake ikiendelea kukanyaga cherehani: "Mwambieni Maalim, wanafunzi wake wakikosea huwachapa wao. Wangu wakikosea, mji mzima wanichapa mie." Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Maneno yalimfikia mwenyewe kabla ya adhuhuri, kama yalivyofika maneno yote mtaani kwetu, na tangu hapo wawili hao wakawa wanaamkiana kwa kuinua mkono tu.

Alikuwa fundi cherehani, kwenye baraza ya duka la vitambaa, na ufundi wake ulikuwa wa wastani. Nasema hivyo bila kumvunjia heshima. Kanzu zake zilivuta bega la kushoto, na suruali aliyomshonea karani mmoja wa bandarini ilizungumzwa mjini kwa muda mrefu kuliko ilivyovaliwa. Watu walimpelekea nguo kwa sababu ya mazungumzo. Ukikaa pale ukingoja kifungo kimoja kishonwe ulipata habari za Tanga nzima, na ukiondoka ulikuwa umesahau kama kifungo chenyewe kimeshonwa au la.

Mimi nilikuwa golikipa wake kwa miaka mingi. Golikipa ana balaa lake: anaona kila kitu na hawezi kwenda popote. Wenzake wanapandana huko mbele, yeye kasimama peke yake baina ya miti miwili, anaona beki anavyochoka, anaona nafasi inavyofunguka, na hana la kufanya ila kungoja yamfikie. Nadhani nilizaliwa na tabia hiyo, na uwanja ukaikuza.

Nikimkumbuka Mwalimu siwezi kumkumbuka peke yake. Nyuma yake yupo Sefu, winga wetu wa kushoto, na goti lake la kulia. Wenzangu wakikutana humtaja Mwalimu kwa vikombe na kwa vichekesho, wakaagana kwa furaha. Mimi kila nikianza kumsifu, goti lile hunijia mbele. Nitamsifu hata hivyo, maana alistahili sifa, na goti nitalifikia.

Kanuni yake kubwa ilikuwa moja: uwanjani hapana mdomo. Timu nyingine zote zilicheza kwa kelele. "Lete! Lete! Nyuma yako! Piga!" Sisi tulicheza kama watu waliogombana. Ukiomba mpira kwa sauti wakati wa mazoezi alikutoa nje, ukakaa kwenye majani mpaka magharibi. Alisema mwenye mpira akisikia jina lake huanza kusikiliza, na anayesikiliza haangalii. Alitaka tuonane. Beki ajue winga yuko wapi kwa kumtazama begani, na winga ajue mpira unakuja kwa kuona namna beki alivyoweka mguu. Mwanzoni tulikuwa kichekesho cha mji. Halafu tukaanza kushinda, na watu waliokuja kutucheka wakawa wanakaa kimya na wao, kama wako msikitini, wakitazama mpira unavyopita baina yetu bila mtu kufungua kinywa.

Yeye mwenyewe hakusema neno. Alifundisha kwa kupiga makofi, viganja kwa viganja. Kofi moja, simama. Makofi mawili, rudi ulipotoka, fanya tena. Hakukuonyesha kosa lako liko wapi. Ulirudia, ukapigiwa makofi mawili, ukarudia tena, mpaka mwili wako wenyewe ukachoka kukosea. Siku nyingine tuliondoka uwanja wa Mabawa bila kujua tulikuwa tunafunzwa nini, tukanung'unika njia nzima hadi nyumbani. Ukitaka maana yake ulimfuata kesho yake barazani, na hapo, ewe, ungetamani usingeuliza. Mtu huyo aliyekuwa bubu jioni alikueleza kuanzia asubuhi, mkasi mkononi, pini mdomoni, akachora uwanja kwa chaki ya kushonea juu ya kitambaa cha mtu. Lakini sharti uulize wewe. Hakuwahi kumfuata mchezaji. Alisema mwanafunzi akifuatwa hujiona yeye ndiye mwalimu.

Sifa kwake haikuwapo. Mazoezi yote alisimama, mikono nyuma, kofia imeshuka kwenye nyusi. Tukilipata jambo sawasawa, alikaa chini. Basi. Kukaa kwake kwenye majani ndiko kulikuwa kupongezwa, na nimeona watu wazima, wachukuzi wa bandarini wenye shingo nene, wakitabasamu peke yao kwa sababu fundi cherehani mmoja ameketi.

Sasa madanzi. Mpira wa ngozi tulikuwa nao mmoja, mzito, wa kufungwa kwa kamba, ukilowa unakuwa jiwe, na hakutaka tuumalize kwenye mazoezi. Kwa hiyo alituletea madanzi, yale machungwa machachu ambayo hakuna anayeyaiba. Alikurushia danzi juu, ukalipokea kwa mguu mtupu, ukalituliza chini. Ukilipokea kwa mguu mgumu, danzi lilipasuka, na danzi ulilolipasua ulilila wewe, na kokwa zake. Ukilipokea kwa mguu uliolegea kwa wakati wake, lilitua zima, na alilitia mfukoni kwenda nalo nyumbani kwa mkewe akalitie achari. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kutuliza mpira si kuuzuia, ni kurudi nao nyuma kidogo. Hakuna aliyeniambia. Meno yangu ndiyo yaliyofunzwa, kwa uchachu. Sefu alipojiunga nasi alikula madanzi wiki nzima, mdomo ukamvimba, halafu ghafla hakula tena hata moja. Tangu hapo achari ya nyumbani kwa Mwalimu ilitoka kwenye miguu ya Sefu.

Mwezi wa Ramadhani timu nyingine zilifunga mazoezi. Sisi tulitembea. Baada ya alasiri tulikutana Mabawa, koo zimekauka, na tukacheza mpira mzima kwa kutembea, hatua za mtu anayekwenda sokoni. Aliyekimbia alipigiwa makofi. Watu waliopita walidhani njaa imetupanda kichwani. Lakini ukitembea huwezi kuficha kosa kwa mbio, na unaona jinsi nafasi inavyofungwa polepole na jinsi ungeweza kuikuta ikiwa wazi kama ungegeuka mapema. Beki wetu mmoja alikuwa Mlutheri, Mshambaa, mtu wa milimani aliyefuata kazi ya mkonge. Hakufunga, ila kwa adabu hakunywa maji mbele yetu, akatembea nasi midomo mikavu, na Mwalimu alimwambia barazani, mbele za watu, kwamba yeye peke yake ndiye aliyefunga kwa hiari. Mwezi huo tulijifunza kuliko miezi mingine yote. Tukitoka Idi, mbio zikiruhusiwa tena, tulijiona tuna macho mapya.

Mwenyewe hakujua kucheza. Hili nalisema maana watu waliomjua baadaye walidhani aliwahi kuwa hodari mahali fulani. Hakuwahi. Siku moja mpira ulitoka nje ukamfuata miguuni, na sijui shetani gani alimwambia aupige. Alipiga vumbi. Mpira ulibaki pale pale, kubadhi lake likamvuka mguuni, likaruka likaingia uwanjani. Tulikauka, hakuna aliyethubutu kucheka. Yeye alitazama kubadhi, akatazama mguu wake, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho alivunja kanuni yake. "Mmeona? Mguu wa kusimamia," alisema, akaenda kuokota kubadhi lake.

Hilo lilikuwa somo lake alilolipenda kuliko yote. Mpira, alisema, haupigwi na mguu unaopiga. Unapigwa na ule uliosimama. Huo ukikaa mahali pake, goti limelegea kidogo, mwili umeegemea juu yake, mguu wa pili hata ukiwa wa mtoto utapiga. Sefu alitujia akitumia mguu wa kulia kwa kila kitu. Mwalimu alimfunga ule wa kulia kwa kifuko cha kitambaa cha merikani kilichojazwa mchanga, ukawa mzito, ukawa hauna kazi ila kusimama. Kwa miezi Sefu alipiga kwa kushoto kama mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. Makofi mawili, makofi mawili. Tulimhurumia. Kisha jioni moja alipiga krosi kutoka kwenye kona ya uwanja, ikapita juu ya vichwa vyote, ikashuka pale pale ilipotakiwa, na Mwalimu akaketi. Ndivyo tulivyopata winga wa kushoto ambaye watu walitoka hata Pangani kuja kumwona, na uzito wote wa winga huyo ulikuwa juu ya goti la kulia.

Alikuwa na vituko vyake. Alisema haamini uganga wa mpira, ni ushirikina na ni upuuzi. Tukifika kwenye uwanja wa ugenini alituingiza kinyumenyume. Nilimuuliza barazani, kwa kumchokoza, kama haamini mbona twaingia kwa visogo. Alitoa pini mdomoni. "Mie siamini," alisema. "Lakini hao wenzetu waamini, nao wakituona twaingia hivyo tumbo lawakata." Nikasema kumbe ni hila. Akasema si hila, na tena nisimwulize.

Pongwe ndiko kulikoharibika. Tulikwenda kwa lori kucheza na timu ya shamba moja la mkonge, wanaume wa bara, wakubwa, wasio na ubaya, wanaocheza kama wanavyokata mkonge. Uwanja wao ulikuwa mgumu, una mashimo madogo yaliyofichwa na majani. Sefu alikuwa anageuka na mpira, mguu wa kulia umesimama, ukazama shimoni mpaka kwenye kifundo, na mwili ukaendelea kugeuka. Beki wao hakumgusa hata kidogo. Nilikuwa mbali, upande wa pili kabisa, na niliona goti linakwenda upande ambao goti haliendi. Alianguka, akainuka. Hakupiga kelele. Yule beki wa Pongwe alimshika mkono, akamwambia, "Pole, ndugu, kaa kwanza." Sefu alitikisa kichwa akaendelea, na kabla ya mwisho akafunga goli.

Ndani ya lori wenzangu walishangilia goli hilo hadi mjini. Sefu alikaa karibu nami, mguu ameunyoosha, viganja viwili amevilaza juu ya goti, jasho linamtoka na hali upepo ulikuwa wa baridi. "Vipi, yakhe?" nilimnong'oneza. "Hapana neno," alisema. Mwalimu alikuwa mbele na dereva.

Sharti nieleze nini kilikuwa kikingojewa. Baada ya mwezi hivi timu ya jimbo ilikuwa inachaguliwa, hapo hapo Tanga, kwa mchezo wa majaribio. Aliyechaguliwa alikwenda kucheza Dar es Salaam na kwingineko, na zaidi ya hayo alipata kazi. Haikuandikwa popote, lakini kila mtu alijua: wachezaji wa jimbo hawakubeba marobota ya mkonge. Walipewa kazi za kukaa, relini, ofisini, wengine na nyumba. Sefu alibeba marobota. Mama yake alikuwa mjane, anakaanga mihogo barabarani. Na Mwalimu, kwa miaka yake yote ya makofi, hakuwahi kutoa mchezaji hata mmoja wa jimbo. Walichaguliwa wa timu za wenye viatu, na sisi tulicheza miguu mitupu. Hakulisema hili hata mara moja, na kwa mtu asemaye kama yeye, kutolisema kulikuwa na maana.

Goti lilivimba. Mama yake alilikanda kwa maji ya chumvi na mafuta ya mbarika kila jioni, asubuhi likawa limepungua kidogo, jioni Sefu akaja mazoezini likavimba tena. Hakuchechemea, alijizuia. Ila sasa alipokea mpira kwa kuruka, ili asisimame juu ya mguu ule, na krosi zake zikaanza kwenda nje. Makofi mawili. Alirudi. Makofi mawili. Alirudi. Mimi nilikuwa golini, natazama.

Nikamfuata nyumbani kwao. "Mwambie Mwalimu," nilisema. "Mwambie goti si zima, akupumzishe, jimbo liko mbele."

Sefu hakunitazama. "Mwalimu ana macho."

"Ana macho, ndiyo. Wewe una kinywa."

"Ameniona tangu siku ile. Angetaka nikae, angeniambia nikae. Akipiga makofi nirudi, ana maana yake. Lini aliwahi kupiga makofi yasiyo na maana?"

Hakuwahi kweli. Tulifunzwa miaka yote kurudia bila kuuliza, na kila mara mwisho wake ulikuwa mwema. Mama yake, aliyekuwa akisikiliza kutoka uani, alisema, "Mie ni mwanamke, mpira siujui. Mwalimu wake akisema akae, atakaa. Nenda ukamwone, mwanangu."

Nikaenda. Niliamkia, nikakaa barazani, nikangoja wateja wapungue. "Mwalimu, goti la Sefu si zima."

Cherehani haikusimama. "Sefu mwenyewe kakutuma?"

"Hakunituma."

"Basi goti ni la nani?"

"Ni lake, Mwalimu, lakini unamjua Sefu. Hatasema."

"Sefu mtu mzima. Akija hapa akaniambia Mwalimu naumwa, nitamwambia kaa. Mie nikimwambia kaa hali yeye hajasema anaumwa, nimemnyang'anya jimbo kwa mkono wangu. Nikikosea je? Utamwambia nini mamake?" Hapo cherehani ilisimama. Aliniangalia, na niliona kwamba halali usingizi. "Mwambie aje. Aje tu, aseme neno moja."

Nilirudi kwa Sefu. Nilimwambia kila kitu, kama kilivyosemwa. Alilikanda goti kwa kidole gumba. Nilidhani nimeshinda. "Akiniuliza nitamwambia," alisema mwishowe. "Sitakwenda kulia kilio barazani kwa watu. Aniulize."

Nilikwenda na kurudi hivyo mpaka nikachoka, mpaka nikawa nachukia sura zao wote wawili. Njia ya baina ya nyumba zile ilikuwa fupi, ungeweza kuita kwa sauti mtu akasikia. Walipendana, hilo usinibishie. Hakuna mzazi aliyemtakia mwana mema kuliko Mwalimu alivyomtakia Sefu. Nami nilisimama katikati na sikuweza kuwasogeza hata shibiri moja.

Juma lile la majaribio Mwalimu alimshonea Sefu bukta mpya. Ilikuwa pana, ndefu, inashuka mpaka chini ya magoti. Wenzetu walimtania wakasema amevaa sketi ya sista wa misheni. Sefu aliipokea kwa mikono miwili, akasema ahsante, Mwalimu akasema idumu. Mimi niliitazama ile bukta, nikaona goti lililovimba limefichwa lote. Nilijua sasa kwamba Mwalimu ameona, na ameona vizuri, na hicho ndicho alichokichagua kukifanya badala ya kuuliza. Na Sefu alipoivaa akajua pia.

Siku ya majaribio uwanja ulijaa. Mzungu wa serikali aliyesimamia michezo alikaa kwenye kiti chini ya mwavuli, na wakubwa wengine kando yake. Mimi sikuitwa kucheza, nilikuwa miongoni mwa watazamaji, nyuma ya kamba, na Mwalimu alikuwa hatua chache mbele yangu. Nitasema kweli: kipindi cha kwanza sijapata kuona mfano wake. Sefu alicheza kama goti si lake. Aliwapita mabeki wenye viatu mmoja baada ya mwingine, akawapa watu chenga wakakaa chini wenyewe, na krosi zake zilishuka kama zimewekwa kwa mkono. Mzungu aliinama kumnong'oneza aliye jirani yake, wakamwonyesha Sefu kwa kidole. Mwalimu akaketi kwenye majani. Watu waliomjua walimwona na wakaanza kupiga vigelegele kwa sababu yake.

Nami nilishangilia. Kwa muda ule mdogo niliamini kwamba wao ndio waliokuwa wakijua na mimi ndiye mpumbavu.

Kipindi cha pili hakikuwa hata kimekolea. Sefu alipokea mpira pembeni, akaweka mguu wa kulia chini ili apige krosi, na mguu haukuwapo. Hakuna njia nyingine ya kulieleza. Alikwenda chini upande mmoja, na safari hii alipiga kelele, na kwa sisi tusiowahi kumsikia uwanjani, sauti ile ilikuwa ya mtu mwingine. Mwalimu aliinuka. Alitoka mbio akavuka kamba, halafu akasimama katikati ya njia, mikono imeinuka kama anataka kupiga makofi. Hakupiga. Alisimama hivyo hivyo mpaka Sefu akabebwa akapita mbele yake.

Hospitali walimlaza siku nyingi. Daktari alisema lililochanika ndani lilichanika kitambo, na kwamba lingepumzishwa tangu mwanzo pengine lingepona, pengine. Sefu alitoka na mguu usiokunjika. Jimbo lilikwenda Dar es Salaam na winga mwingine, mchezaji wa wastani, Mungu amsamehe, hana kosa lolote. Mwalimu hakuja tena Mabawa. Hakuaga mtu. Tulifanya mazoezi wenyewe kwa muda, kwa kimya, mpaka mtu mmoja akaita "Lete!" na hakuna aliyemtoa nje, na ikawa ndio mwisho wa ile timu.

Marobota yalikuwa hayabebeki tena kwa mguu ule. Mwalimu alinunua cherehani ya mkono, maana ya miguu Sefu asingeiweza, akaiweka barazani pembeni ya yake, na akamfundisha kushona. Watu walimsifu. Walisema tazama mtu mwenye utu. Muda si mrefu nilipata kazi ya stoo Muheza, nikahama, na nilifurahi kuhama.

Nilirudi miaka ya hamsini inakwisha, nimetumwa na mke wangu kununua vitambaa. Sikupanga kupita pale, miguu tu ilinipeleka. Ilikuwa saa ya mchana watu wamekwenda kulala, baraza haina mteja. Wao wawili walikuwapo, cherehani mbili, moja inaimba kwa miguu na moja kwa mkono.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, kipa wangu! Karibu, karibu. Sefu, mtazame kipa, kanenepa, leo angeziba goli zima bila kuruka."

Tulicheka. Sefu aliniuliza habari za Muheza, watoto, kazi. Alikuwa fundi mzuri kuliko mwalimu wake, na mabega ya kanzu zake yalikaa sawa. Mguu wake ulikuwa umenyooka mbele, juu ya kibao, na wapita njia walikuwa wakiukwepa bila kuutazama, kama watu wanavyokwepa nguzo waliyoizoea. Mwalimu alikuwa amezeeka ghafla. Alizungumza kama zamani, habari za mji, siasa, bei, mkutano ulioitishwa, nani kaoa nani. Niliona kwamba katika maneno yake yote hayo hakumwambia Sefu hata moja lisilokuwa la nguo. Nipe mkasi. Punguza hapo. Rudia pindo.

Kisha nikaona Sefu anajisogeza kwenye kiti, akaushika mguu wake kwa mikono miwili kuuhamisha kidogo kulia. Uso ulimkunjamana, akaurudisha sawa haraka. Ni jambo ambalo bila shaka alilifanya kila siku. Labda ni kwa sababu mimi nilikuwapo, labda ni uzee, sijui. Cherehani ya miguu ilisimama.

"Sefu," Mwalimu alisema. "Goti lauma?"

Nilitazama chini. Niliogopa kama kwamba nimeulizwa mimi.

Sefu aliacha kushona. Alikata uzi, akaweka kitambaa mapajani, akakinyoosha. "Lauma, Mwalimu," alisema. "Liliuma tangu Pongwe. Halijaacha."

Mwalimu alinitazama mimi, kana kwamba kuna jambo golikipa anaweza kulifanya. Akatazama mikono yake, akaigeuza. Halafu akamgeukia Sefu, na akauliza kwa sauti ndogo, sauti ya mtu aliyekuja kujifunza:

"Sasa nifanyeje?"

"Sijui, Mwalimu," Sefu alisema. "Mie siku zote n'kingoja wewe ndiye uniambie."